Pensheni Inayopanda Manila na Kuganda Mombasa

Kwenye maporomoko ya Niagara, Marekani na Kanada zimetenganishwa na mto mmoja tu, na mtu mwenye afya huuvuka kwa miguu, darajani, kwa dakika chache. Mstaafu aliyetoka Uingereza na kuhamia ukingo wa Marekani huongezewa pensheni yake ya serikali kila Aprili, sawa na mwenzake aliyebaki Manchester. Aliyehamia ukingo wa Kanada hupokea kiasi kilekile alichokuwa nacho siku alipofika, hata akijaliwa kuishi huko miaka 30. Huenda wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja na kukatwa michango ileile ya Bima ya Taifa kwenye mishahara yao, lakini sheria haiwaulizi walichangia nini. Inawauliza wamelala upande gani wa mto.

Zaidi ya watu milioni moja hupokea pensheni ya serikali ya Uingereza wakiwa nje ya nchi hiyo, na kati yao zaidi ya 400,000 wako kwenye nchi ambako pensheni hiyo imegandishwa. Wengi wa hawa wako Australia, Kanada, New Zealand na Afrika Kusini, lakini Kenya na Tanzania nazo zimo kwenye orodha hiyo. Huongezewa wale tu walioko katika nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zake wachache, pamoja na nchi ambazo Uingereza iliwahi kutiliana nazo saini mkataba unaolazimisha nyongeza, kama vile Marekani, Jamaika, Barbados, Israeli, Uturuki, Ufilipino na Mauritius.

Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kuliona jambo hili kama kesi ya wazee wa Kizungu wanaoota jua Hispania. Si kweli. Hao wa Hispania wana nafuu, kwa kuwa huongezewa kila mwaka na, kwa kawaida, Uingereza ndiyo inayogharimia matibabu yao kupitia hati maalumu ya S1. Anayeumia zaidi anaweza kuwa muuguzi aliyezaliwa Kisumu au dereva wa basi aliyezaliwa Tanga, aliyefanya kazi Uingereza maisha yake yote, akachukua uraia wa huko, kisha akatamani kuzeekea nyumbani. Anaweza pia kuwa mmoja wa Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakaanza upya Leicester, na ambaye leo angependa kumalizia siku zake karibu na ndugu zake waliobaki Afrika Mashariki.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini kwa tarakimu za kweli. Mama aliingia Uingereza mwaka 1966 akiwa na miaka 21, akafanya kazi hospitalini miaka 39 mfululizo, akastaafu mwaka 2005 akiwa na miaka 60 na kurudi Mombasa. Pensheni kamili ya msingi mwaka huo ilikuwa pauni 82.05 kwa wiki, na ndiyo anayopokea mpaka leo. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana zamu naye, ambaye alirudi kwao Manila, Ufilipino, alikuwa akipokea pauni 176.45 kwa wiki katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Tofauti yao kwa mwaka ni karibu pauni 4,900, yaani zaidi ya shilingi 800,000 za Kenya. Kwa mzee wa Mombasa hizo si fedha za anasa: ni dawa za presha, mshahara wa msichana wa kazi, na karo ya mjukuu ambaye bila shaka ataletwa kwake, maana nani asiyejua kwamba bibi aliyetoka Ulaya ana hela?

Mama huyo ana kero nyingine ndogo ambayo haifiki kwenye hotuba za bungeni. Kila baada ya muda hutumiwa fomu kutoka Uingereza inayomtaka athibitishe kwamba bado yu hai. Lazima aijaze mbele ya shahidi anayekubalika, mathalani daktari au ofisa wa benki, kisha airudishe kwa posta. Fomu hiyo huja kwenye sanduku la posta ambalo pengine ni la shule aliyokuwa akifundisha shemeji yake, na ambalo hufunguliwa na karani mara moja kwa wiki. Fomu ikipotea au ikichelewa, malipo yanaweza kusimamishwa, na kazi ya kuwashawishi wakubwa wa mbali kwamba hujafa inakuwa yako, kwa simu ya kimataifa, ukiwa kwenye foleni na muziki ukilia sikioni. Nia yenyewe haina ubaya, kwa kuwa wako ndugu ambao wangeendelea kupokea pensheni ya marehemu kama wasingedhibitiwa.

Hata hivyo, hoja za serikali si nyepesi kama watetezi wa wastaafu wanavyopenda kuzionyesha. Pensheni ya serikali ya Uingereza haikai benki ikimsubiri mwenyewe. Michango ya wafanyakazi wa leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo, na mfumo mzima umefungamana na kodi na misaada mingine ya ustawi wa jamii iliyopangwa kwa ajili ya watu wanaoishi ndani ya nchi. Nyongeza ya kila mwaka, ambayo kwa utaratibu wa sasa hufuata kilicho kikubwa zaidi kati ya kupanda kwa bei, kupanda kwa mishahara na asilimia 2.5, imekusudiwa kumkinga mzee dhidi ya gharama za maisha za Uingereza, si za Nairobi wala za Perth, Australia. Kuifikisha kila mahali kungegharimu mamia ya mamilioni ya pauni kwa mwaka, na fedha hizo zingetoka kwa walipa kodi ambao wengi wao hawajui kama wao wenyewe watastaafu na nini.

Hoja hizo ndizo zilizoshinda mahakamani. Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini na ambaye pensheni yake iliganda kwenye pauni 67.50 kwa wiki mwaka 2000, aliipinga kanuni hiyo mpaka ngazi ya juu kabisa ya mahakama za Uingereza na kushindwa mwaka 2005. Akaenda Strasbourg pamoja na wenzake 12, na tarehe 16 Machi 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwa kura 11 dhidi ya 6 kwamba hawakubaguliwa, kwa sababu mtu anayeishi nje hafanani na anayeishi ndani kiasi cha kulinganishwa naye. Kwa upande wa sheria, mlango huo umefungwa. Nami, nikiisoma hoja hiyo bila huruma za kiutu, naona ina mashiko: mchango wa lazima hauwi akiba binafsi kwa sababu tu ulitoka mfukoni mwako.

Tatizo ni kwamba serikali yenyewe haiifuati hoja yake hadi mwisho. Kama nyongeza ni kwa ajili ya gharama za maisha za Uingereza, basi mstaafu wa Florida asingestahili, wala wa Manila. Muuguzi aliyerudi Jamaika huongezewa, na yule aliyerudi Trinidad haongezewi, ingawa walisafiri kwenda kuijenga Uingereza ileile baada ya vita. Mauritius, kisiwa cha Bahari hii hii ya Hindi, kimo kwenye orodha ya wanaoongezewa, Zanzibar haimo. Ajabu zaidi ni kwamba Visiwa vya Virgin vya Marekani vimo, ilhali Visiwa vya Virgin vya Uingereza, vinavyopeperusha bendera ya Mfalme, havimo, na visiwa vya Falkland, ambavyo Uingereza ilivipigania vita mwaka 1982, navyo havimo. Hii ni ramani ya mikataba iliyotiwa saini kwa sababu za nyakati zake, kisha ikaachwa. Kanada imeomba mara kwa mara mkataba wa nyongeza na kukataliwa. Australia ilichoka kuomba na kuuvunja mkataba wake wa hifadhi ya jamii na Uingereza mwaka 2001, ikilalamika kwamba ni yenyewe inayolazimika kuwasaidia wazee ambao Uingereza imewapunja.

Hapo hujibiwa kwamba kanuni inajulikana na kuhama ni hiari. Nusu ya jibu hilo ni kweli kwa anayehama leo, kwa kuwa taarifa zipo mtandaoni na hakuna anayelazimishwa kupanda ndege. Lakini msichana aliyeajiriwa mwaka 1966 hakuambiwa, na mzee anayehama akiwa na miaka zaidi ya 70 kwa kawaida hafuati jua, anafuata watoto. Anne Puckridge, aliyetumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alihamia Kanada mwaka 2001 ili awe karibu na binti yake, na pensheni yake ikaganda kwenye pauni 72.50 kwa wiki. Mwishoni mwa mwaka 2024, akikaribia kutimiza miaka 100, alifunga safari hadi London kuwaeleza wanasiasa jambo hilo. Kwa Mtanzania hiari hiyo ni nyembamba zaidi, maana nchi yake hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima: aliyechukua pasipoti ya Uingereza hurudi alikozaliwa akiwa si raia tena, huku pensheni yake ikizidi kusinyaa. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, walau huo mzigo wa kwanza ameutua.

Iko njia ya kati ambayo watetezi wenyewe wameipendekeza, nayo ni kuanza kutoa nyongeza kuanzia sasa kwenda mbele, kila mmoja kutoka pale alipogandia, bila kulipa malimbikizo ya nyuma. Mama wa Mombasa angebaki chini sana ya mwenzake wa Manila, lakini shimo lisingeendelea kuchimbika, na gharama ya mwanzo ingekuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kuwafikisha wote kwenye kiwango cha leo. Kwa maoni yangu njia hii ni ya haki kuliko ukimya uliopo, hasa ukikumbuka kwamba mzee anayeishi nje halazwi kwenye hospitali za umma za Uingereza wala hapewi huduma za wazee majumbani, na kwamba akirudi kuishi huko pensheni yake hupandishwa mara moja hadi kiwango cha sasa na gharama zake zote hurudi pamoja naye.

Mwelekeo wa Hazina, hata hivyo, ni wa kubana. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 walio nje hawataweza tena kujinunulia miaka ya pensheni kwa ule mchango wa hiari wa bei nafuu, uliokuwa pauni 3.50 tu kwa wiki, na kwamba wanaotaka kuanza kuchangia wakiwa nje watalazimika kwanza kuwa wameishi au kuchangia Uingereza kwa miaka 10. Hapa nakiri kwamba serikali ina haki. Bei ile ilikuwa ya kutupa, na wako waliokaa Uingereza miaka michache tu wakajipatia pensheni ambayo mfanyakazi wa Birmingham huitolea jasho maisha yake yote.

Je, kura haiwezi kubadili mambo? Kabla ya mwaka 1985 Mwingereza aliyehamia nje kwa kawaida hakuwa na kura kabisa. Mwaka huo sheria ikampa miaka 5 baada ya kuondoka, baadaye ikawa 20, kisha ikapunguzwa kuwa 15. Harry Shindler, askari mkongwe aliyepigana Anzio, Italia, katika Vita vya Pili vya Dunia na kuhamia nchi hiyo mwaka 1982, aliupinga ukomo huo kwa miaka mingi, akashindwa Strasbourg mwaka 2013 na kushindwa tena kwenye mahakama za Uingereza kabla ya kura ya maoni ya 2016, ile iliyoitoa nchi yake katika Umoja wa Ulaya na kugusa kila hati aliyoishi nayo Italia. Sheria ya kuondoa ukomo ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 16 Januari 2024. Shindler alifariki Februari 2023 akiwa na miaka 101.

Waliopinga kuondolewa kwa ukomo huo walikuwa na lao la kusema. Mtu aliyeondoka miaka 40 iliyopita hatatumia shule, hospitali wala barabara ambazo kura yake itaziamua. Isitoshe, jina kwenye daftari la wapiga kura ndilo linalompa mtu ruhusa ya kuchangia vyama fedha, kwa hiyo tajiri aliyekimbilia nchi isiyo na kodi alifunguliwa mlango uleule aliofunguliwa askari wa Anzio. Sioni namna ya kuipuuza hoja hiyo ya pili. Ya kwanza ina udhaifu, kwa sababu iwapo bunge ndilo linaloamua kila mwaka nani aongezewe na nani agandishwe, basi mstaafu wa nje bado anatawaliwa nalo.

Kilichotolewa, lakini, ni haki isiyo na miguu. Serikali ilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 3 wangeweza kujiandikisha. Hadi uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024, walioandikishwa hawakufika 200,000. Uteuzi wa wagombea ulifungwa tarehe 7 Juni, hivyo karatasi za kura zilikuwa na chini ya wiki nne za kuchapwa, kuvuka bahari na kurudi. Ufaransa huwapa raia wake wa nje wabunge wao 11, wanaojua kwamba wasipowasemea hawatachaguliwa tena. Uingereza humrudisha kila mmoja kwenye jimbo alikoishi mwisho, mmoja huku na wawili kule katika majimbo 650. Mama wa Mombasa, akijiandikisha, atapiga kura kule alikoishi mwisho, tuseme Leicester, ambako mgombea ana makumi ya maelfu ya watu wanaomlilia kuhusu kodi za nyumba na foleni za hospitali kabla hajamfikia yeye. Asipomteua mtu wa kumpigia kura kwa niaba yake, bahasha yake huenda ikafika kwenye lile sanduku la posta la shule wiki moja baada ya mshindi kutangazwa.