Siku Niliyopigwa Mzinga

Mtu mwenye uraibu wa kutengeneza mizinga midogo anapaswa kuchunga ulimi kwenye simu. Mimi sikuchunga. Nilimpigia rafiki yangu nikiwa na furaha tele: "Kaka, Jumamosi napiga mzinga, na wewe ndiye wa kwanza kukufikiria!"

"Mwezi huu mimi mwenyewe nimekauka," akajibu, akakata. Kuanzia hapo akawa hapatikani.

Basi akakosa uhondo. Mzinga wenyewe ulikuwa mfano wa ile ya kurusha tufe za chuma za ratili 32, iliyopangwa kwenye sitaha ya chini kabisa ya mizinga ya HMS Victory, meli ya Uingereza iliyopigana vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Mzinga wa kweli ulikuwa na urefu wa karibu mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 2 na nusu. Wangu niliupunguza mara 10, ukatoka sentimita 29. Uzito haupungui mara 10, maana unapunguza urefu, upana na kimo kwa pamoja. Unapungua mara 1,000. Kwa hiyo, pamoja na kigari chake, ukawa na kilo 3 hivi. Hizo kilo 3 zikumbuke.

Nilihangaika nao miezi. Tundu la kuwashia baruti peke yake lilinivunjia keekee tatu, ya tatu ikabaki humohumo ndani. Magurudumu manne niliyakereza upya mara mbili, nikayatia grisi mpaka ukikipuliza kigari kinasogea chenyewe. Nilijisifu sana kwa grisi ile.

Mke wangu akaokota kitu kwenye boksi. "Na hii kamba?"

"Ah, hiyo pambo tu. Inaficha ribiti zangu."

Ribiti zenyewe nilizigonga moja moja, nikishika kila moja kwa koleo, nani azifunike? Nikaitupa kamba kwenye droo.

Jumamosi ikafika. Kibali ninacho, uwanja mtupu, ndoo ya mchanga mbele kama shabaha. Nikavaa miwani ya kukinga macho na viziba masikio. Mke wangu akasimama mbali, ubavuni. Mimi nikasimama nyuma ya meza kama kamanda, maana nyuma ya mzinga ndiko kwenye usalama, sivyo? Miguuni nilivaa ndala.

Nikawasha utambi.

Gololi ya gramu zisizofika 17 ikaenda mbele. Kilo 3 za chuma zikaja kwangu. Hazikuja kwa kasi ya kutisha, hapana, zilikuja taratibu kama mgeni anayejua njia, juu ya magurudumu yangu mazuri yenye grisi yangu nzuri. Nilipata muda wa kuzisifia. Kisha meza ikaisha.

Kidole gumba cha mguu wa kulia ndicho kilichoupokea.

Nikiwa chini, moshi mweupe ukinipitia usoni, ndipo nikaelewa kamba. Wale mabaharia waliipitisha nyuma ya mzinga, ncha zake wakazifunga ubavuni mwa meli. Mzinga ukilipuka unarudi nyuma, nao walitaka urudi, wapate nafasi ya kuujaza tena kwa mdomoni. Kamba ilikuwa ya kuuambia basi, hapo panatosha. Wangu haukuambiwa na mtu.

Mke wangu alikuja amebeba ndoo. Haikuwa na hata alama ya kukwaruzwa. Akaiweka chini, akatazama kidole, akatazama mzinga uliolala kifudifudi kando yangu.

"Ribiti zinaonekana vizuri," akasema.

Jioni, kidole kimefungwa na kimevimba kama bilinganya, nikamtumia rafiki yangu ujumbe: "Nimepigwa na mzinga, kutembea siwezi."

Simu iliyokuwa haipatikani wiki nzima ikaita papo hapo.

"Pole sana kaka! Kakupiga nani? Kataka kiasi gani?"