Mkaja wa mama haumo kitabuni

Baba alipofariki, tulitakiwa kuthibitisha kwamba mama alikuwa mke wake wa ndoa. Mama, aliyekaa na mzee yule miaka thelathini na minane! Cheti kilishapotea zamani, tukasema si neno, kitabu cha kanisa kipo. Kwenye parokia walikofungia ndoa, huko kwetu Tanga, tukafunguliwa kabati lililoliwa na mchwa. Nilipogusa ukurasa ukamomonyoka mkononi kama unga wa muhogo. Ikabidi wazee wawili waende kula kiapo ndipo mirathi ikasonga mbele, na mmoja wao hatunaye tena.

Leo naishi Hampshire, kusini mwa Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Siku yangu ya mapumziko moja nilikwenda Steventon, kijiji kidogo cha mashamba na kanisa la mawe la tangu yapata mwaka 1200. Kuna utulivu pale ambao ulinikumbusha nyumbani. Vitabu vya zamani vya parokia ile vimehifadhiwa mjini Winchester, katika nyumba ya nyaraka ya jimbo. Wala si vya wakubwa tu. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, watu ambao hawakuacha hata jiwe la kaburi, ndoa zao zimeandikwa.

Hawa wenzetu walianza mapema. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kiwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa wazee wa kanisa. Mwaka 1598 ikaamriwa viandikwe kwenye ngozi badala ya karatasi, na kila mwaka nakala iende kwa askofu. Nakala kwa askofu! Kama ingekuwepo moja tu ya mwaka ule waliooana wazazi wangu, wazee wale wasingepandishwa mahakamani na magongo yao.

Halafu ikaja sheria ya 1753, iliyoanza kutumika Machi 1754, kukomesha ndoa za siri zilizokuwa zikifungwa kiholela, hasa karibu na gereza la Fleet kule London. Tangu hapo ndoa ikatakiwa itangazwe kanisani Jumapili tatu au iwe na leseni, na wote waweke sahihi mbele ya mashahidi wawili. Sisi tuliolelewa Kianglikana tunazijua Jumapili hizo tatu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walikuja nazo Unguja na Magila kule Tanga katika karne ya 19, na hadi leo padri akiuliza kama kuna mwenye kipingamizi, kanisa zima hunyamaza.

Zaidi ya nusu ya mabibi harusi wa miaka ile hawakujua kuandika, basi waliweka alama ya msalaba. Katika picha ya ukurasa mmoja niliona msalaba ambao mstari wake wa pili umetetemeka na wino umejaa mwishoni, kama kalamu ilikandamizwa sana. Nililia. Bibi yangu naye aliweka dole gumba maisha yake yote.

Na kitabu cha Steventon kina jambo lake. Kasisi alikuwa George Austen, na binti yake Jane, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alipokuwa kigoli alijaza ukurasa wa mfano kwa kujiozesha kwa wanaume wa kubuni, mmoja wa London, mwingine wa Liverpool, na Jack Smith. Alifariki mwaka 1817 bila kuolewa. Ndoa zake ni hizo tu, kwa mwandiko wake.

Lakini nimetafuta kitu kimoja katika kurasa hizo na sikukiona: mama. Fomu za 1754 hazikuuliza majina ya wazazi. Kuanzia Julai 1837 wakaandika jina la baba na kazi yake. Jina la mama wa bibi harusi limeingia Mei 2021, juzi tu! Kwetu hakuna posa inayokwenda bila yeye. Mshenga akifika anatajiwa mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, anatajiwa kilemba, na shangazi wote wanasikia. Hilo sitakubali tuambiwe ni ushamba. Tuliloshindwa ni kuliandika. Tunawaachia wazee wabebe ukoo mzima vichwani, kisha tunawazika nao.

Kwa hiyo nimenunua daftari la jalada gumu. Nimeandika jina la mama, la mama yake, la mshenga, la wasimamizi wawili, na ng'ombe wawili wa mahari. Kila ukurasa naupiga picha na kuwatumia wadogo zangu Muheza na Dar es Salaam, nakala zisilale nyumba moja. Jumapili iliyopita shangazi aliniambia kwa simu kwamba mkaja ulikuwa doti mbili za kanga. Rangi ameisahau. Amesema atamuuliza dada yake wa Pangani, maana ndiye aliyezipokea mlangoni, na mstari huo nimeuacha wazi.