Louis Vuitton: kisa kisiishie kwenye safari ya miguu

Kwenye semina za kuhamasisha vijana, kisa cha Louis Vuitton husimuliwa kwa ufupi sana. Alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Anchay, milimani mashariki mwa Ufaransa, mtoto wa mkulima. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10. Mwaka 1835 akaondoka nyumbani kwa miguu, akawa anafanya vibarua njiani ili apate kula na kulala, na miaka miwili baadaye akaingia Paris, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Hapo msimulizi anaruka hadi leo, jina hilohilo likiwa kwenye mikoba ya mamilioni ya shilingi, na vijana wanaulizwa: kama yeye aliweza, wewe unashindwa nini?

Wapo wasiokubali, na hoja yao ina uzito. Paris ya miaka ile ilijaa vijana waliotoka mashambani, na wengi wao walizeeka wakiwa vibarua. Vuitton alipata mteja ambaye wenzake hawakumpata: Eugénie, aliyeolewa mwaka 1853 na Napoleon III, kaizari wa Ufaransa, na ambaye alimkabidhi Vuitton kazi ya kufunga mavazi yake ya safari. Mteja wa ikulu huleta wateja wengine wa aina yake. Tena utawala huohuo ulikuwa ukiijenga upya Paris na kutandaza reli nchi nzima, matajiri wakisafiri kuliko wakati wowote uliopita. Kwa mtazamo huu, kilichomtoa ni wakati na ukaribu na wakubwa.

Kwangu, pande zote mbili zinaruka kipande kilekile, nacho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Tangu 1837 hadi 1854, miaka 17, Vuitton alikuwa mwanagenzi na kisha fundi katika karakana ya bwana Maréchal. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza makasha kwa vipimo vya mteja, kwenda nyumbani kwake, na kupanga vitu vyake ili vifike salama. Zilikuwa enzi za magauni mapana yenye vitambaa vingi, na gauni moja likikunjwa vibaya linaharibika kabla halijavaliwa. Fundi ilimbidi ajue mbao, ajue kitambaa, ajue pia gari la farasi linavyotikisa mzigo barabarani. Ni maarifa ya mikono, yanayoingia polepole, kasha baada ya kasha.

Matunda yake yalionekana mwaka 1858, miaka minne baada ya kufungua duka lake. Masanduku mengi ya safari yalikuwa na mfuniko wa mviringo ili maji ya mvua yatiririke, kwa hiyo hayapangiki moja juu ya jingine. Vuitton alitengeneza sanduku la mfuniko bapa, la mbao nyepesi, akalifunika kwa turubai la kijivu lililotiwa dawa ya kuzuia maji. Mvua haikuwa tatizo tena, na masanduku yakapangika vizuri kwenye behewa la treni na ndani ya meli. Ni wazo la mtu aliyepakia mizigo ya wengine kwa miaka mingi. Eugénie angeweza kumpa kazi. Asingeweza kumpa wazo hilo. Mwaka uliofuata Vuitton alihamishia karakana Asnières, nje kidogo ya Paris. Vita vya Ufaransa na Prussia (Ujerumani) vya 1870 na 1871 vilipoiacha imeporwa, alianza upya, kwa sababu ufundi haukuporwa.

Je, umaskini wenyewe ulimsaidia? Inawezekana ulimfanya avumilie miaka yote ile bila kukata tamaa. Lakini siwezi kuuita chanzo cha mafanikio, na ushahidi uko ndani ya familia yake. Nembo ya herufi L na V pamoja na maua, ambayo watu huitambua hata kwa mbali, ilibuniwa mwaka 1896, miaka minne baada ya Louis kufariki. Aliyeibuni ni mwanawe Georges, ambaye hakutembea kutoka kijiji chochote. Alikulia Asnières, kwenye nyumba iliyopakana na karakana, baba akiwa fundi wa matajiri. Baba fukara na mtoto wa mwenye mali, wote wawili walifanya kazi kubwa. Walichoshirikiana ni karakana na mtu wa kuwafundisha.

Ndiyo maana naona wanaowaeleza vijana safari ya miguu peke yake wanawadhulumu. Kijana anaondoka akiamini kwamba kuteseka kwenyewe kutamlipa, wala hasikii kwamba mtu fulani alimpokea mgeni wa miaka 16, akampa mahali pa kujifunzia na kuendelea naye mpaka akaiva. Jina la Maréchal halitajwi kwenye semina hizo, na bila yeye safari ile ingeishia kwenye vibarua tu.

Leo nembo hiyo ni mali ya kampuni ya LVMH, inayoongozwa na Bernard Arnault, mtoto wa familia ya wajenzi matajiri kutoka Roubaix. Ina haki ya kumuenzi mwanzilishi, lakini kisa cha mvulana wa Anchay kinapotumika kuuza mkoba, mnunuzi ana haki ya kuuliza: ni nani anajifunza kazi kwenye karakana hizo leo, na kwa ujira gani?