Nenda Paje Aprili Kwanza

Sofa imeshauzwa. Jirani wa ghorofa ya tatu hapa South B, Nairobi, aliibeba Jumamosi baada ya kunishusha bei bila huruma, kisha akauliza, "Sasa ukirudi utakalia nini?" Nilicheka. Usiku, nikiwa nimekaa sakafuni, sikucheka tena.

Mwezi wa tisa nahamia Paje, Unguja. Marafiki wanaoapa kwamba watanifuata wote walifika huko Desemba, wakala pweza, wakapiga picha. Hiyo ni likizo. Anayetaka kuhamia aende Aprili, masika imeshika na hoteli nyingi zimefungwa. Mimi nilikaa wiki tatu. Shuka hazikauki. Skrubu za kompyuta yangu zilianza kushika kutu kwa ile chumvi ya hewani, nami riziki yangu yote imo humo. Umeme nao hutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari; mwishoni mwa 2009 ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kama miezi mitatu. Kwa hiyo betri ya akiba nimeinunua kabla ya kaptura.

Hata bahari yenyewe haikungoji. Maji yakipwa hukimbia mbali kabisa, na pale ulipotaka kuogelea unakuta akina mama wameinama kwenye vigingi vya mwani. Pale ni kazini kwao. Ukipita na kamera, jione ulivyo.

Kwa makaratasi sitawachosha. Sisi Wakenya hatuhitaji viza kuingia Tanzania, lakini kuingia si kibali cha kufanya kazi. Ardhi ndiyo usiiote: huko mimi ni mgeni kama Mzungu yeyote, sinunui shamba kama ninavyonunua ploti Kitengela. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Kama una kadi ya zamani usiitupe. Tangu Julai 2016 inahesabika ya maisha.

Lakini mzigo ulionishinda kufunga ni mdomo wangu. Siku ya pili niliingia dukani, nikasema, "Nipe maji baridi." Mzee muuza duka akaniangalia, akajibu taratibu, "Waalaikum salaam." Sikuwa nimemsalimia. Aliendelea kupanga sabuni zake mpaka nilipoelewa, nikaanza upya: shikamoo, habari za toka asubuhi, naomba maji. Nayo maji yakaja, na bei ikapungua. Kiswahili chetu cha Nairobi kinafika haraka, ila kinaingia na viatu ndani.

Basi najizoeza. Kila asubuhi nasimama kwa mlinzi wa lango letu, namwamkia, namuuliza watoto, usingizi, mguu wake unaomuuma. Siku ya tatu akanivuta kando, akaninong'oneza kama nina shida ya pesa.