Kanzu ya Hajji na Wino Wangu

Najua mmeshaiona ile picha ya Hajji na kanzu yenye wino. Rafiki yangu wa Ntinda hana dogo, kaisambaza kila gurupu, na maelezo aliyoyaweka chini yake nusu ni uongo. Sikummwagia Hajji chupa ya wino. Tulieni niwape mkanda mzima.

Ramadhani yote nilikuwa najifunza kuandika herufi za mapambo, mnakumbuka nilivyowachosha na picha za mazoezi. Kalamu ya kuchovya, ncha ya chuma: ukishuka unakandamiza, mstari unanenepa, ukipanda unalegeza mkono, unakuwa mwembamba. Herufi M ikaanza kunikubali, na kichwa kikavimba. Nikasema kadi ya Eid ya Hajji, baba wa yule ninayemposa, sinunui, naandika mwenyewe.

Nikashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kutafuta karatasi, nikachagua ile ya kung'aa. (Wachapaji mnaoguna huko, nawasikia.) Karatasi ile ina utando, hainywi wino. Wino unabaki juu tu, unangoja mtu. Na mimi M yangu niliikandamiza kwa mapenzi yote hadi ikafanya dimbwi. Mwezi ukaandama, umeme ukakatika, asubuhi nikagusa kadi pembeni, pasipo na herufi hata moja, nikaona imekauka. Boda, huyoo Kawempe kwa Hajji.

Hajji yuko mlangoni, katoka kuswali, kanzu mpya nyeupe pe. Nikampa kadi kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole. "Maashallah." Akairudia tena. Kisha, ndugu zanguni, nikauona mkono unarudi. Taratibu. Kadi inageuka, maandishi yanaelekea kifuani. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akaiweka juu ya moyo, akaikandamiza kwa kiganja, akafumba macho, akaanza kuniombea dua.

Dua ndefu! Riziki, afya, kizazi chema. Kila nikiitikia amina, kiganja kinaongeza nguvu. Nani atamkatiza baba mkwe katikati ya dua? Wewe ungemkatiza? Nikaendelea na amina, jasho linatiririka mgongoni, macho yangu yameganda kwenye zile pembe za kadi.

Alipoitoa iligoma kidogo, ikabanduka na kasauti. Kifuani, kinyumenyume kama muhuri: EID MUBARAK. M imenona kuliko zote.

Na mwenyewe hajui! Akapanua mikono kumkumbatia jirani. Akamkumbatia shemeji yake. Akamkumbatia mzee mmoja wa msikitini, naye kanzu nyeupe. Kila aliyeachiwa anaondoka na vivuli vya herufi kifuani, anatabasamu, anaelekea kwenye pilau. Mimi nimesimama nahesabu hasara. Mpaka mjukuu akapiga kelele: "Jjajja, umeandikwa!" Ukumbi mzima ukageuka, na rafiki yangu, ambaye nilimwalika mimi mwenyewe, simu ilikuwa tayari juu.

Yaliyofuata si marefu. Hajji alicheka, mama mkwe hakucheka. Limao limejaribiwa, chumvi imejaribiwa, dobi amerudisha kanzu na pole. Chupa nimeisoma leo ndiyo nikaona imeandikwa kwamba wino hautoki kwa maji. Posa bado ipo, nimeuliza kwa njia za pembeni.

Sasa mwenye dawa ya huo wino anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa. Mama mkwe kaniita, na kasema nije na fundi wa kanzu.