Chati ya Maji Iliyosomwa na Mtu Mmoja

Nilisomea uuguzi Tanzania, na kwa miaka tisa sasa ninafanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi nchini Uingereza. Ndugu wakiniuliza ni tofauti gani kubwa niliyoikuta huku, wengi hutarajia nitaje mashine. Mashine zipo, lakini kilichonishangaza zaidi ni kuona wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na tiba ya viungo wakifundishwa pamoja, kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja, kabla hawajahitimu.

Sisi tulipita lango moja na kutumia maktaba moja na wanafunzi wa udaktari kwa miaka yote, wala sikumbuki hata siku moja tulipoketi nao kujadili mgonjwa. Kwenye raundi tulisimama nyuma, tumeshika mafaili. Nikiwa mwaka wa mwisho nilikuwa nikijaza chati ya maji, yaani karatasi ya kuandika maji yanayoingia na kutoka mwilini, ya mama mmoja aliyekuwa akichomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria inayoweza kuumiza figo. Zamu ya kwanza mkojo ulikuwa mililita 600, ya pili 300, ya tatu haukufika 100, nami niliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri kabisa. Daktari aliyeagiza dawa hakuisoma chati, mfamasia aliyeitoa hakuwahi kuiona, na mimi sikuwa nimefundishwa kwamba namba zile zilikuwa na mtu wa kuambiwa. Alipokuja daktari mwingine na kuisimamisha dawa ile, figo zilikuwa zimekwisha kuumia. Kila mmoja wetu alikuwa ametimiza sehemu yake kama alivyofundishwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba tatizo letu nyumbani ni kiburi cha madaktari au woga wa wauguzi. Kushirikiana ni ujuzi kama ulivyo ujuzi wa kutafuta mshipa, na mtu huupata kwa kurudia mara nyingi mwalimu akimtazama.

Mwezi uliopita wanafunzi wanne walikabidhiwa vitanda vitatu katika wodi yetu, sisi tukiwa nyuma yao. Yule wa udaktari alimwandikia mzee mmoja kidonge cha presha. Mwenzake wa tiba ya usemi, fani inayoshughulikia pia matatizo ya kumeza, ambaye alikuwa ametoka kumpima mzee huyo kumeza kwa kijiko cha maji, akasema kidonge kitaingia njia ya hewa. Wa uuguzi akapendekeza kisagwe. Wa famasia akakataa, kwa kuwa kidonge cha aina ile kimetengenezwa kiyeyuke polepole na kukisaga ni kumpa mgonjwa dozi ya siku nzima kwa mara moja. Wakatafuta dawa ya maji. Mabishano yote hayakuzidi dakika tano.

Wodi za mafunzo za namna hii zilianzia Linköping, Sweden, mwaka 1996. Waingereza nao walisukumwa na aibu: uchunguzi kuhusu vifo vya watoto waliopasuliwa moyo mjini Bristol, uliotolewa mwaka 2001, ulilaumu pamoja na mengine udhaifu wa kazi ya pamoja, ukataka taaluma za afya zisome pamoja zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake kuhusu mafunzo hayo. Hata hivyo nisiwapambe mno wenyeji wangu. Vyuo vingine huku hukusanya mamia ya wanafunzi ukumbini siku moja kwa mwaka, huwabandika majina kifuani na kuwajengesha minara ya karatasi, kisha huandika kwamba somo limefundishwa.

Nyumbani hatuanzi bila kitu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, inayowataka wote chumbani wajitaje kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi, ilijaribiwa katika hospitali nane, na hospitali ya Ifakara ilikuwamo pamoja na ya London. Katika hospitali hizo zote kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isitoshe, katika kituo kidogo cha afya tabibu, muuguzi na mtu wa maabara hulazimika kusikilizana kwa sababu hawana mwingine wa kumtegemea.

Walimu watasema ratiba za vitivo hazilingani, na ni kweli. Lakini kikwazo kikubwa zaidi, kwa nionavyo, ni alama, kwa sababu mwanafunzi husoma kile anachotahiniwa. Basi tusianze kwa kuagiza midoli ya mafunzo ya bei kubwa. Wachukuliwe wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho, wa taaluma tatu, wapewe mgonjwa mmoja kwa wiki moja na alama moja ya kugawana, na kila asubuhi waisome chati ya maji kwa sauti kabla yeyote kati yao hajaandika dawa.