Programu Iliyojifagia Yenyewe

Mwaka wa pili chuoni nilipata kibarua kwenye steshenari moja Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kompyuta ilikuwa moja, ya Ubuntu (aina ya Linux, si Windows), na kila mteja mwenye flashi aliacha faili zake humo kisha akaenda zake.

"Mwanangu," Bi Mkubwa mwenye duka akaniambia, "si unasomea kompyuta wewe? Hebu niondolee huu uchafu."

Mwenye akili zake angefuta kwa mkono, dakika tano. Mimi wiki ile nilikuwa nimetoka kufundishwa system(), njia ya lugha ya C ya kuipa kompyuta amri, nikaona kufuta kwa mkono ni kudharau ada ya baba. Nikaandika programu, na kiini chake ni hiki:

system("cd /home/duka/takataka");
system("rm -rf *");
printf("Usafi umekamilika!\n");

Yaani ingia folda ya takataka, futa kila kilichomo. Kumbe system() hainyanyui mguu wa programu yako. Inazaa mtoto, programu nyingine iitwayo sh, anapewa amri, anaitimiza, anakufa. Mtoto wangu wa kwanza aliingia takataka vizuri kabisa, akafia huko huko. (Ningetumia chdir(), inayohamisha programu yenyewe, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.) Wa pili akazaliwa pale nilipoiwashia programu: folda ya kazi, penye kadi za harusi, wasifu wa watu na mitihani ya shule ya jirani. Akaambiwa futa. Mtoto mtiifu yule.

"Usafi umekamilika!" Nikamwita Bi Mkubwa aje aone maajabu, nikaandika ./usafi kuiwasha tena. Hakuna faili hiyo. Programu ilikuwa imejifuta yenyewe, na bado ikapata pumzi ya kutangaza ushindi! Linux inaruhusu: faili ya programu inayokimbia ikifutwa, jina linaondoka, yenyewe inamaliza kazi yake.

Jasho likaanza. Nikapiga ls, amri ya kuorodhesha faili: patupu. Nikapiga ls -A, inayoonyesha hata zilizofichwa, kikatokea kitu kimoja: .~lock.madeni.ods#. Nyota ile ya rm -rf * haigusi faili zinazoanza na nukta, ndiyo maana kufuli la LibreOffice, faili inayowekwa jedwali likiwa wazi, lilisalimika. Nyumba imebebwa, kufuli linaning'inia.

Lakini kufuli likiwepo, ndani kuna mtu. Nikashusha lile dirisha jeusi, na nyuma yake jedwali bado liko wazi tangu asubuhi. Nikalihifadhi upya, vidole vinatetemeka. Kadi, wasifu, mitihani, vyote vilikwenda na maji. Kilichookoka ni daftari la madeni ya duka.

Bi Mkubwa akavaa miwani, akainama. "Alhamdulillahi, madeni yapo."

Mstari wa kwanza jina langu: vocha na kopi za noti, shilingi 14,500.

"Sogea kidogo, mwanangu." Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, chini ya jina langu: Harusi. Mahali pa kiasi akapaacha wazi.